Kolamu ya protini: chumba baridi au mezani?

Kolamu ni mrija uliojazwa rezini, yaani punje ndogondogo, ambamo pampu hupitisha mchanganyiko wa protini ili kuitenga ile unayoitaka. Swali ni uiendeshe kwenye chumba baridi au kwenye meza ya kawaida. Julai iliyopita mwanafunzi wa maabara yetu hapa Nairobi aliingia chumba baridi kavaa makoti mawili, akaiweka pampu kwenye kasi ileile anayotumia mezani. Haikupita muda kengele ya shinikizo ikalia. Akadhani kolamu imeziba. Wapi! Mnato wa maji ya nyuzi 4 ni karibu mara 1.75 ya ule wa maji ya nyuzi 25. Ikabidi apunguze kasi kwa nusu, na kazi ya saa moja ikala saa mbili.

Wanaoshikilia baridi wana hoja nzito. Ukipasua seli, vimeng'enya vinavyokatakata protini humwagika pamoja na hiyo protini unayoitafuta, na baridi huvipunguza makali. Kolamu ya kuchuja kwa ukubwa, inayotiririka usiku kucha, ukiiacha mezani unaweza kuamkia vipande. Tena meza zetu hazina joto moja: Julai asubuhi kipimajoto chetu husoma 17, Februari alasiri 26. Chumba baridi ni 4 mwaka mzima, almradi umeme upo.

Lakini kolamu ya nikeli, inayonasa protini iliyopachikwa mkia maalumu, ikiwa na pampu nzuri humaliza kazi kwa nusu saa. Kwa nusu saa, mimi sioni haja ya kutetemeka. Halafu baridi ina mitego yake. Bafa ya Trisi (maji yenye kemikali ya kushikilia pH) uliyoipima pH 8.0 kwenye nyuzi 25 hufika karibu 8.6 kwenye nyuzi 4, na katika kolamu ya kubadilishana ioni, inayonasa protini kwa chaji yake ya umeme, hilo latosha kuhamisha protini yako. Kolamu zinazonasa protini kwa sehemu zake zinazokimbia maji hulegeza mshiko. Na zipo protini zisizoipenda baridi kabisa: F1, sehemu ya kimeng'enya ATPase kinachotengeneza ATP, kwa mfano, husambaratika.

Kibaya zaidi ni kuchanganya: bafa imetoka friji sasa hivi, kolamu iko mezani. Maji baridi hubeba hewa nyingi. Yakipata joto ndani ya rezini yanaitema, na utaviona viputo vimeganda ukutani kama vya soda.

Siku hizi tunaweka kolamu na bafa mezani, mirija ya kupokelea kwenye barafu. Chumba baridi tumekiachia kazi za usiku na protini tusizozijua tabia. Ile pampu tulipoitoa chumba baridi tuliiacha imezimwa hadi kesho yake. Ilikuwa inatoka jasho kama chupa ya maji baridi, na ndani kuna umeme.