Nauli ya kujitolea, uweke na ya kutolea

Jumapili usiku nimemaliza kupiga pasi nguo za wiki, simu inaita. Mtoto wa dada yangu. "Shikamoo mamdogo." Marahaba baba, mzima? Mzima. Chuo? Tumefunga. Halafu kikaja kile kimya ambacho kila shangazi na kila mama mdogo mwenye ajira nchi hii anakijua. "Mamdogo, nimepata nafasi."

Nilipiga kigelegele. Kweli nilipiga, jirani ni shahidi. Nafasi gani? Ya kujitolea, kwenye taasisi moja huko Masaki, miezi miwili. Wanalipa? Hapana, ila wanatoa cheti. Nauli je? Hapana. Chakula? "Wana chai, mamdogo." Kwa hiyo alikuwa anaomba nauli ya wiki ya kwanza. "Na uweke na ya kutolea," yaani makato ya kutoa pesa kwa wakala.

Yeye anakwenda kujitolea, mimi naweka ya kutolea. Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kikaisha, ikabaki hasira ambayo mpaka leo Alhamisi haijapoa.

Asubuhi akanitumia tangazo lenyewe. Wanataka kijana mwenye ari, mwenye Kiswahili na Kiingereza fasaha, anayejua kuandika taarifa, kupiga picha na kuhariri video, anayeweza kuendesha kurasa za mitandao ya kijamii, awe tayari kusafiri mikoani, na awe na kompyuta mpakato yake mwenyewe. Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Kisha chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani: nafasi hii haina malipo. Jamani, mtu huyo akipatikana na sifa zote hizo anaitwa ofisa habari. Ana mshahara huyo. Ana na likizo. Na hiyo laptopu wakiikwapua watu wa bodaboda pale kituo cha Morocco, nani anailipa? Cheti?

Tupige hesabu kidogo, maana watu wa "uzoefu ni mtaji" huwa hawapendi hesabu. Dada yangu anakaa Gongo la Mboto. Kutoka kule mpaka Masaki kijana anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa hesabu aliyonipa yeye ni shilingi 2,800 kwa siku. Mchana wali maharage, na Masaki si Buguruni, ukimpata mama ntilie wa huruma ni 2,500. Bando 1,000, kwa sababu kurasa za taasisi zitaendeshwa kwa bando la anayejitolea. Jumla 6,300. Miezi miwili ni siku 40 za kazi, kwa hiyo 252,000.

Dada anauza vitumbua, kimoja 200. Hivyo ni vitumbua 1,260. Na hapo sijatoa mchele, nazi, mafuta wala mkaa, nimehesabu kana kwamba vitumbua vinaanguka kutoka mbinguni. Sijahesabu pia kwamba anaamka saa 9 usiku.

Sasa niambieni, hapo anayejitolea ni nani? Mtoto ana moyo, simkatalii, lakini ukifuata ile pesa nyuma nyuma mpaka inakotoka, unakuta taasisi yenye jenereta na walinzi wawili getini inafadhiliwa na mwanamke anayepuliza moto Gongo la Mboto. Hajaulizwa. Jina lake halitakuwa kwenye cheti.

Msiniambie kuna boom. Pesa ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ni ya siku za masomo. Chuo kikifunga inakatika. Tumbo halifungi chuo. Na nazungumzia wenye mkopo, maana huyu wetu alikosa, anasomeshwa na hivyo hivyo vitumbua pamoja na sisi tunaoambiwa tuweke ya kutolea.

Wala tusichanganye na fildi. Fildi ni sehemu ya masomo, ina msimamizi, ina alama, mwalimu anakuja kukukagua (akija). Mimi naongelea hiki kingine kilichoota pembeni yake, ambapo likizo ya mwanafunzi imekuwa shamba la watu kuvuna wafanyakazi wa bure.

Mwezi uliopita kwenye kikao cha harusi, tukiwa tunamsubiri mweka hazina, mzee mmoja akaanza ule wimbo: vijana wa siku hizi hawana uzalendo, sisi enzi zetu tulijitolea. Nilinyamaza kwa sababu ni mkwe wa watu. Humu ni kwangu, nitasema.

Enzi zenu, mzee wangu, tuzikumbuke vizuri. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu pale Mlimani, waliandamana mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Masharti yenyewe yalikuwa miaka miwili: kwanza kambini, kisha miezi 18 ya kufanya kazi kwenye taaluma yako huku ukipokea asilimia 40 ya mshahara. Wakaona ni dhuluma. Wakabeba hadi bango la kusema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere akawaka, akawarudisha makwao karibu 400. Na katika hasira hiyo hiyo akatangaza kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaanza na wake mwenyewe, akaupunguza kwa asilimia 20.

Mimi kwenye ugomvi ule niko upande wa Mwalimu. Walikuwa wanasomeshwa na kodi ya wakulima, ajira inawasubiri mlangoni, halafu wananuna. Lakini rudi uisome ile namba. Asilimia 40! Kizazi tunachoambiwa kilikuwa na kiburi kuliko vyote kiligomea asilimia 40 ya mshahara, na kambini kilikuwa kinalishwa na kuvishwa. Mtoto wa dada yangu anapewa asilimia sifuri, anaambiwa aje na laptopu, na anashukuru kwa Kiingereza. Na yule aliyewadai vijana wajinyime, kwanza alijinyima yeye. Mkurugenzi wa Masaki amepunguza asilimia ngapi?

Najua mtaniuliza, wewe mwenyewe hukuwahi kujitolea? Niliwahi. Mwaka wa pili, ofisi moja mjini, sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa fotokopi, chai, na kubeba mabango ya semina. Siku moja tulikuwa na semina hotelini, siku tatu, mada ikiwa, nawaapia, kuwawezesha vijana kiuchumi. Mimi ndiye niliyepewa kushika daftari la posho. Mshiriki anakuja, natafuta jina lake, anasaini, anachukua bahasha: posho ya kukaa, nauli, na ya kulala kwa waliotoka mbali, na mmoja wa waliotoka mbali nilikuwa namjua, anakaa Sinza. Siku ya tatu saa 12 jioni bahasha zimekwisha, daftari limejaa saini kutoka juu mpaka chini, nikaulizia kwa adabu kama kuna chochote cha nauli. Yule bosi akanishika bega. Akasema, "Wewe si unajitolea, mdogo wangu?"

Nimeishika miaka yote hii sentensi hiyo. Kwa sababu pesa ilikuwepo, niliigawa kwa mikono yangu. Bajeti ilikuwa na mstari wa maji ya kunywa, mstari wa fulana, mstari wa mapambo ya ukumbi. Kwa hiyo mtu akiniambia taasisi hazina uwezo wa kumpa mwanafunzi 2,800 ya daladala, namsikiliza tu namna ninavyomsikiliza konda anayesema gari halijazi.

Haya. Kuna jambo lazima nilikiri, na nakiri kwa shingo upande, kwa sababu wapo humu wanaonifahamu na watanisuta. Kazi yangu ya kwanza niliipata kupitia ofisi ile ile. Dada mmoja wa uhasibu alihamia kwingine, akasikia wanatafuta mtu, akanikumbuka. Bila ile fotokopi asingenijua. Kwa hiyo ndiyo, koneksheni zipo, wanaosema hivyo hawasemi uongo.

Ila tulianza wawili pale. Mwenzangu tulikuwa tunakaa naye chumba kimoja Mabibo, yeye kitanda cha juu mimi cha chini, na kwenye uhasibu alikuwa ananiacha mbali, mimi nilikuwa nanakili kwake maswali ya mazoezi. Alikuja wiki mbili. Wiki ya tatu akaniambia naenda kumsaidia mjomba kukaanga chipsi Manzese, angalau jioni nitarudi na kitu. Mimi nilibaki kwa sababu kaka yangu alikuwa na kazi bandarini na kila Jumatatu alinipa nauli. Ndiyo tofauti yote. Yule dada wa uhasibu alipotafuta mtu kichwani mwake alinikuta mimi, akasema nina bidii. Bidii ilikuwa ya kaka.

Siku hizi nakaa kwenye usaili mara moja moja, napewa rundo la wasifu. Huyu ana vyeti vitatu vya kujitolea, mwingine hana hata kimoja, likizo zote "hakuna". Wenzangu wa mezani wanasema wa kwanza anajituma. Mimi naangalia anwani. Mara nyingi wa kwanza anatoka nyumba ambayo mtoto akikaa miezi miwili bila kuingiza kitu hakuna anayelala njaa. Huyo wa "hakuna" alikuwa anafanya nini? Nimejifunza kumuuliza. Mmoja alikuwa anaendesha bodaboda Mbagala, anatunza mahesabu ya wenzake kumi na nne kwenye kikundi cha kufa na kuzikana. Hakuona kama ni uzoefu, hakuuandika.

Sipingi kujitolea, msinilishe maneno. Mwaka ule ule wa fotokopi, mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunashuka Msewe kila Jumamosi kuwafundisha hesabu watoto wa darasa la saba. Hakuna aliyetutuma. Tulikwenda kwa miguu, tulikaa chini ya mwembe uani kwa bibi mmoja mkali ajabu, aliyekuwa akituhesabia dakika tukichelewa. Nilishindwa kabisa kuwafanya waelewe sehemu, robo na thuluthi, mpaka siku moja nikanunua machungwa nikayakata. Bibi akasema hayo machungwa mngeniletea mimi mzima mzima. Mwisho wa muhula alitufungia mapapai mawili. Leo kazini nikitakiwa kuwaeleza bajeti watu wasiopenda namba, chungwa langu ni lile lile la Msewe, na kule ofisini sikujifunza kitu zaidi ya kufungua mashine ya fotokopi ikikwama karatasi.

Cheti cha Msewe sina. Lakini kile kilikuwa kujitolea: nilitoa changu, Jumamosi yangu, nikampa mtu aliyekuwa anahitaji na hana cha kulipa. Mtoto wa darasa la saba hana bajeti ya mapambo. Vivyo hivyo mwanafunzi wa sheria anayemwandikia mjane barua ya mirathi, au vijana wa Msalaba Mwekundu wakati wa mafuriko. Hapo nauli nitatuma bila kuulizwa, na ya kutolea nitaongeza.

Wengine watasema ni afadhali kuliko kukaa bure nyumbani. Nani anakaa bure nyumbani? Njooni Gongo la Mboto saa 9 usiku.

Na kuna walimu wahitimu wanaojitolea shuleni mwaka wa pili, wa tatu, wakisubiri ajira, wanalipwa na michango ya wazazi pale inapopatikana. Kenya wenzao wa sekondari za chini walikuwa na shilingi 20,000 za kwao kwa mwezi kabla ya makato, na bado Mei 2024 waliingia barabarani. Hiyo inahitaji makala yake, leo sina nguvu.

Jumanne nilimwambia kijana arudi Masaki akaulize mambo matatu, kwa heshima na kwa sauti. Nani atakuwa anamwelekeza kazi kila siku, kwa jina. Je, anaweza kwenda siku tatu badala ya tano, ili siku mbili atafute chochote. Na nauli. Kama watakubali hata hilo la mwisho peke yake, aende. Kama wote watatazamana, ashukuru, ageuze.

Jana jioni akanipa jibu. "Mamdogo, wa rasilimali watu amesema atalifikisha kwa uongozi. Ila ameniangalia vibaya."

Nimetuma ya wiki moja. Nimeweka na ya kutolea, kwa hasira.

Usiku dada akanipigia, na si kunishukuru. Anataka kujua kwa nini namfundisha mtoto ubishi kabla hata hajaanza kazi za watu, kama nataka wamfukuze, kama nimesahau nilikotoka mimi. Nilimwacha aseme mpaka amalize. Nyuma yake nilikuwa nasikia mchele unaoshwa kwenye sufuria, nikamuuliza mbona leo mwingi. Akasema ameongeza kilo mbili.