Mshenga na Spika ya Shemeji

Spika aliyotuletea shemeji siku ya posa ya mdogo wangu ilikuwa kazi ya mikono yake: boksi la plaiwudi lililopakwa rangi nyeusi, besi (kile kipande cha ndani kinachotoa sauti) ya omu 8, kipimo cha ukinzani wa umeme, iliyong'olewa kwenye redio mbovu, na kitambaa cha mbele kilichovutwa kwa ustadi ambao hata mimi niliusifu. Kwa kuwa haikuwa na mahali pa kukaa, aliituliza juu ya meza ya mshenga.

Mshenga wetu ni mzee wa kale, asiyeweza kukanusha jambo bila kupiga meza. Alipofika kwenye sifa za kijana, kwamba si mlevi, si mvivu, si mgomvi, kila "si" aliisindikiza na kofi zito, na kwa kila kofi spika ilikatika kidogo ikarudi, hivyo wakwe waliokaa nyuma kabisa ya turubai wakasikia: "Kijana wetu… mlevi! …mvivu! …mgomvi!" Alipowaona wameduwaa, mzee alidhani hawajasadiki, akarudia yote kwa ngumi.

Chakula kikaletwa kabla ya wakati wake, nasi tukafungua boksi. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole tu kwenye vibati vya besi, pale umeme unapoingilia, kisha zikazungushiwa tepu, ambayo gundi yake ilikwisha kulainika kwa joto na kuteleza pembeni. (Tepu huzuia nyaya zisigusane; kuzishika haiwezi, ingawa shemeji alilipinga hilo huku ameishika mkononi.) Waya wenyewe ulining'inia bila kubanwa popote, ukicheza kwa kila mtikiso.

Akachomeka pasi ya kulehemu na kuisogeza kwa haraka. Sumaku ya besi ikaivuta, na ncha ikatoboa koni, ile karatasi inayotetemeka kutoa sauti. Tuliziba tundu kwa kipande cha karatasi na gundi. Safari hii alipitisha waya kwenye tundu la kibati, akaukunja, akapasha moto kibati na waya kwanza ndipo akagusisha lehemu, akaacha ipoe bila kutikiswa, kisha akauvuta kwa nguvu. Haukutoka. Akaubana kwenye ukuta wa boksi ili usicheze tena.

Sauti ikatoka safi, na mshenga akakanusha tena kwa makofi yote bila kukatika. Baba wa binti akaomba kipaza sauti kwa adabu kubwa.

"Mzee mwenzangu, tumekusikia, na ukweli wako tumeupenda. Tulitaka kujua tu: huo ulevi ni wa kila siku, au wa sikukuu?"