Kosa la Gazetini na Kosa la Mtandaoni

Tofauti kati ya uandishi wa habari wa mtandaoni na ule wa magazeti, redio na televisheni huzungumzwa zaidi kwa kipimo cha kasi. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini ni finyu. Kwa maoni yangu, tofauti iliyo nzito zaidi ni wakati ambapo kosa hukamatwa: kabla ya habari kumfikia msomaji, au baada ya kumfikia.

Gazeti likishapita mtamboni halirudishiki. Ndiyo maana vyumba vya habari vilijenga mlolongo mrefu wa watu, kuanzia mwandishi hadi mhariri na msoma prufu, ambao kila mmoja wao ana haki ya kuuliza: umejuaje? Mlolongo huo nao huteleza. Novemba 1948, Chicago Daily Tribune, lililolazimika kwenda mitamboni mapema kwa sababu ya mgomo wa wapiga chapa, lilitangaza kwenye ukurasa wa mbele kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Aliyeshinda ni Truman, na picha yake akiwa ameliinua gazeti hilo kwa furaha inatazamwa hadi leo. Hofu ya aibu ya namna hiyo, isiyofutika, imewafanya wahariri wengi wakubali kuchelewa kuliko kukosea.

Mtandaoni hofu hiyo imepungua, na matokeo yake si mabaya yote. Msomaji amekuwa mhakiki. Septemba 2004, televisheni ya CBS ilirusha kipindi kilichotegemea nyaraka kuhusu utumishi wa kijeshi wa Rais George W. Bush. Katika muda wa saa chache tu, waandishi wa blogu walionyesha kwamba herufi za nyaraka hizo zilifanana na za kompyuta za kisasa kuliko za taipureta za miaka ya 1970, wakati ambapo zilidaiwa kuandikwa. CBS, pamoja na wahariri wake wote, ilichukua karibu wiki mbili kukiri kwamba haikuweza kuthibitisha uhalali wa nyaraka hizo. Anayedai kuwa uhakiki ni mali ya vyombo vya zamani peke yake hana budi kulijibu tukio hilo.

Hata hivyo, umati unaosahihisha ndio huohuo unaoweza kumwangamiza asiye na hatia. Aprili 2013, baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, watumiaji wa Reddit, mtandao wa majadiliano, walimhusisha na shambulio hilo mwanafunzi ambaye hakuhusika kwa lolote. Katika wiki hiyohiyo, CNN ilitangaza kwamba mshukiwa amekamatwa ilhali hakuna aliyekuwa amekamatwa, na New York Post likachapisha ukurasani mbele picha ya vijana wawili wasiohusika. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa zaidi, kwa sababu vyombo vyenye mlolongo wa uhakiki viliuruka ili kushindana na visivyo nao.

Fedha zimechochea mashindano hayo. Gazeti liliuzwa likiwa kitu kimoja, na kurasa za michezo na matangazo madogo zikamlipia mwandishi aliyeketi mahakamani kutwa nzima. Mtandaoni kila habari hupimwa peke yake kwa idadi ya wanaoibofya.

Turudi kwenye kosa lenyewe. Sahihisho la gazetini huwa dogo na hukaa kurasa za ndani, lakini lipo, lina tarehe, na linahifadhiwa maktabani; New York Times limelitengea mahali maalumu tangu mwaka 1972. Mtandaoni sentensi yenye kosa inaweza kubadilishwa kimyakimya, na msomaji wa asubuhi asijue kwamba wa jioni amesoma habari nyingine. Huo, kwangu, ndio udhaifu mkubwa wa uandishi huu mpya, na unatibika: mstari mmoja chini ya habari unatosha kueleza kilichobadilishwa, lini na kwa nini. Ningependa tovuti ziende mbali zaidi, zimpelekee sahihisho kila msomaji aliyejisajili ambaye aliifungua habari ya awali, jambo ambalo gazeti haliwezi kulifanya hata likitaka, kwa kuwa halijui kila nakala iliishia mikononi mwa nani.