Je, Gurudumu la Discovery Lingembeba Frank Poole?

Kuna ubishi usiokwisha miongoni mwa wapenzi wa filamu za kisayansi hapa Dar es Salaam, hasa pale waliosoma uhandisi Mlimani au DIT wanapokaa meza moja na watu wa filamu: je, mitambo tunayoonyeshwa katika 2001: A Space Odyssey, likiwemo gurudumu linalozunguka wanamoishi wanaanga wa chombo Discovery, ingefanya kazi kweli? Filamu hiyo ilitoka mwaka 1968. Aliyeiongoza ni Stanley Kubrick, na aliiandika pamoja na Arthur C. Clarke, ambaye tangu mwaka 1945 alikwishaeleza jinsi satelaiti za mawasiliano zinavyoweza kutundikwa juu ya Ikweta zikabaki palepale. Kambi moja inasema hakuna filamu iliyoheshimu fizikia kama hii. Kambi nyingine inatoa kikokotoo na kuanza kuhesabu makosa.

Wote wana la kusema. Ila naona ubishi wenyewe unaendeshwa vibaya, kwa sababu makosa yote yanatiwa kapu moja. Lipo kosa la kutokujua, lipo kosa la makusudi, na lipo jambo linaloonekana kosa mpaka ulipigie hesabu. Uzito wake haulingani hata kidogo.

Sifa inayostahili itangulie. Ndani ya filamu kuna mahojiano ya BBC na wanaanga wa chombo Discovery, kilicho safarini kwenda Jupiter. Mtangazaji anasema chombo kiko maili milioni 80 kutoka Duniani na kwamba maneno yalichukua dakika saba kukifikia. Maili milioni 80 ni kama kilomita milioni 129. Gawa kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, utapata sekunde 430, yaani dakika saba na sekunde kumi. Wangeweza kutaja namba yoyote na watazamaji wengi wasingeshtuka. Wao walikaa wakapiga hesabu, na ndiyo maana hata wakosoaji wana kitu cha kupima. Filamu isiyojifunga kwa namba huwezi kuikamata popote.

Sasa makosa. Dave Bowman, anayechezwa na Keir Dullea, anafungiwa nje na kompyuta HAL. Hana helmeti. Analipua mlango wa chombo chake kidogo na kurushwa ndani ya chumba cha kupitia ambacho bado hakina hewa. Wengi husema hapo angepasuka au kuganda papo hapo. Si kweli. Mwezi Desemba 1966, kwenye chumba cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa, cha NASA huko Houston, bomba la suti ya fundi Jim LeBlanc lilichomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Hewa ikarudishwa haraka, akapona. Damu haikuchemka kwa sababu mishipa inaibana, na mwili haukuganda kwa sababu penye ombwe hakuna hewa ya kuuondolea joto. Kwa hiyo sekunde chache za Bowman zinawezekana, tena filamu inatuonyesha tukio hilo bila mlio wowote hadi hewa inapoingia. Hapo ni sahihi kabisa.

Kinachomharibia ni pumzi. Anaonekana kuivuta na kuibana kabla ya mlipuko. Mtu yeyote aliyefundishwa kuzamia kwa mtungi kwenye miamba ya Mbudya au Bongoyo anaijua sheria ya kwanza: usibane pumzi unapopanda. Mapafu yakiwa yamejaa, hata kupanda mita moja na nusu hivi kunaweza kuyachana, maana shinikizo la nje linapungua na hewa iliyofungiwa ndani inatanuka. Bowman, kama chombo chake kina shinikizo la kawaida, anapoteza kiasi kile kile anachopoteza mzamiaji anayetoka mita 10 hadi juu, na anakipoteza kwa mpigo mmoja. Alipaswa kutoa pumzi yote, akaacha mdomo wazi, ndipo alipue mlango. Hili ni kosa la kutokujua. Lingerekebishwa kwa kurudia tukio hilo mara moja tu studio, na filamu isingepoteza chochote.

La rejeta ni jambo jingine, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Discovery inaendeshwa kwa nguvu ya nyuklia, na mtambo wa namna hiyo hutoa joto la ziada lisilo na matumizi. Angani hakuna hewa wala maji ya kulichukua, hivyo njia pekee ni kulimulika nje kupitia mabamba mapana, ndiyo rejeta zenyewe. Bamba lenye joto la nyuzi 227 za Selsiasi linatoa kama kilowati 7 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa. Joto la megawati 100 linahitaji mita za mraba 14,000 za mabamba. Unaweza kupunguza eneo kwa kuyapandisha moto: ukifika nyuzi 527 unahitaji kama mita za mraba 2,150 tu, lakini hapo unaanza kupambana na mabomba yanayolegea kwa joto na kimiminika kinachokula kuta zake. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho hakina mtambo wa nyuklia, kina rejeta zinazoweza kutupa kilowati 70, na ukikitazama kwenye picha huwezi kuzikosa.

Itazame Discovery: kichwa cha mviringo, uti mrefu, injini nyuma. Rejeta hakuna. Wabunifu hawakusahau. Michoro ya awali ilikuwa na mabamba makubwa, yakaondolewa kwa hofu kwamba watazamaji wangedhani ni mabawa na kuuliza chombo cha angani kinataka mabawa ya nini. Wanaoitetea filamu husema huo ni uamuzi wa sanaa, na kweli umbo lile jembamba halisahauliki. Nakubali kwamba linapendeza. Lakini filamu iliyojipa kazi ya kupiga hesabu ya dakika saba ilikuwa na uwezo wa kuwafundisha watu rejeta ni nini kwa sentensi moja ya mtangazaji yule yule wa BBC. Badala yake iliwaachia wachoraji waliofuata sura ya chombo kisichopumua joto, na sura hiyo imerudiwa mno.

Kuhusu HAL sitakaa sana. Kusoma midomo kulikoonekana ndoto kumeshafanywa na programu. Anapocheza chesi na Frank Poole, mwanaanga mwenzake Bowman, anataja vibaya mraba wa malkia, na mashabiki bado wanabishana kama ni kosa la waandishi au dalili ya kwanza ya ugonjwa wake. Kwenye filamu hakuna kinachoamua.

Gurudumu ndilo linalofaa kukaliwa. Ndani ya Discovery kuna ngoma inayozunguka, na wanaanga wanaishi kwenye ukuta wake wa ndani. Mzunguko unawasukuma kwenye ukuta, ukuta unageuka sakafu. Frank Poole, anayechezwa na Gary Lockwood, anakimbia duara zima huku akirusha ngumi hewani. Seti yenyewe ilijengwa Uingereza na kampuni ya Vickers-Armstrong: kipenyo cha futi 38, kama mita 11.6, kwa gharama ya dola 750,000. Lockwood alikimbia chini kabisa huku seti nzima ikizungushwa.

Hoja ya wakosoaji ni ya nguvu. Nusu kipenyo ni mita 5.8. Ukitaka mvutano kamili wa Duniani, gurudumu hilo lazima lizunguke zaidi ya mara 12 kwa dakika. Majaribio ya Jeshi la Majini la Marekani huko Pensacola, ambako watu waliwekwa ndani ya chumba kinachozunguka, yalionyesha kwamba mzunguko mmoja kwa dakika hausumbui, mitatu wengi huzoea, na kumi ni mateso. Ukishikilia mizunguko miwili kwa dakika pamoja na mvutano kamili, nusu kipenyo kinapanda hadi mita 224. Hilo ni gurudumu la upana wa mita 448, karibu theluthi mbili ya Daraja la Nyerere la Kigamboni, ambalo lina mita 680.

Wanaotetea wanajibu kwamba hakuna aliyesema mvutano ni kamili. Riwaya ya Clarke inataja mvutano wa Mwezini, sehemu ya sita ya wa hapa, na mzunguko mmoja kila sekunde kumi. Kwa seti ya filamu, mvutano huo unapatikana kwa mzunguko mmoja kila sekunde 12, yaani mitano kwa dakika. Kati ya mitano na 12 pana tofauti kubwa, na unaweza kuihisi bila roketi. Chukua kiti cha ofisi cha kuzunguka, kaa, shika mikono ya kiti, fumba macho. Mwenzako akuzungushe kwa saa mkononi, duara moja kila sekunde 12, pasipo kushtua. Subiri nusu dakika ili sikio la ndani litulie, kisha inamisha kichwa kuelekea bega taratibu na ukirudishe. Pumzika, rudia kwa duara moja kila sekunde tano. Mara ya pili utahisi kama kiti kinapinduka ingawa hakijapinduka, kwa sababu kichwa kinageuza mifereji ya sikio la ndani, ile inayohisi mzunguko, wakati mzunguko unaendelea. Jaribio huharibika kwa mambo mawili: kiti chenye beringi kavu kinachokwenda kwa kukwamakwama, na kufungua macho. Usilifanye baada ya kula, na acha mara kichefuchefu kinapoanza.

Sasa Poole na mbio zake. Wanaomcheka husema anakimbia kama mtu aliye barabarani, si kama mtu mwenye uzito wa Mwezini. Lakini hapo kuna jambo linalosahauliwa: sakafu yenyewe inakwenda mita tatu kwa sekunde, na mkimbiaji wa taratibu naye anakwenda kama mita tatu. Akikimbia kuelekea upande wa mzunguko, kasi zinajumlishwa kuwa sita. Mvutano hukua kwa mraba wa kasi, hivyo unakuwa mara nne. Mtu wa kilo 70 ambaye mizani ingemsoma kilo 11 na nusu akiwa amesimama, sasa anasomwa kama kilo 45. Hiyo ni karibu theluthi mbili ya uzito wake wa nyumbani, na kwa uzito huo hatua zile za Lockwood zinaaminika. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, ilithibitisha jambo la karibu na hilo mwaka 1973: wanaanga walikimbia kuzunguka ukuta wa ndani wa kituo kisichozunguka kabisa, na mbio zenyewe zikawapa uzito wa kutosha kuwabakisha ukutani.

Akigeuka upande wa pili, kasi yake inafuta ya sakafu. Angeelea hewani katikati ya ngumi.

Kwa hiyo tukio linaloandamwa zaidi ndilo lenye utetezi bora, mradi tu anakimbia upande sahihi. Penye udhaifu ni kwenye matukio ya utulivu ambayo hakuna anayeyagusa. Mtu anayetembea mita moja na nusu kwa sekunde dhidi ya mzunguko hupoteza karibu robo tatu ya uzito ule mdogo alio nao. Angekuwa anadundadunda, si kutembea kwenda kuchukua chakula. Anayeshuka ngazi kutoka katikati kwa nusu mita kwa sekunde anasukumwa ubavuni kwa kani ya theluthi moja ya uzito wake wa pale chini, na angelazimika kukumbatia ngazi. Dullea anashuka kwa raha zake. Halafu kuna kuyumba: mtu wa kilo 70 akihama upande mmoja, ngoma inapoteza usawa, na bila matangi ya maji yanayohamishwa kwa pampu kumfidia, beringi zinakula upande. Riwaya angalau ilikumbuka gurudumu zito la kupokea mzunguko pale ngoma inaposimamishwa, ili chombo kizima kisianze kugeuka.

Linabaki swali la mifupa, ambalo kambi zote mbili huliruka. Bila mvutano, mifupa ya mwanaanga hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya uzito wake kila mwezi, na waliomo kwenye Kituo cha Kimataifa hufanya mazoezi karibu saa mbili kwa siku kupambana na hilo. Je, mvutano wa Mwezini unatosha? Wanasayansi wa Japani waliweka panya wadogo kwenye mashine ya kuzungusha ndani ya kituo hicho. Kwenye mvutano kamili, mifupa na misuli vilihifadhika. Kwenye sehemu ya sita, ambayo ndiyo Discovery inaitegemea, misuli haikusinyaa, lakini nyuzi zake zilianza kubadilika kutoka zile za kustahimili kusimama muda mrefu kuwa zile za haraka zinazochoka upesi.