Skrini Haijafa, Inatafuta Monita

"Kaka, skrini imekufa. Leta laki tatu na nusu." Hukumu hiyo nilipewa na fundi mmoja katikati ya Kampala, laptopu yangu hajaishika hata dakika mbili. Bahati yangu, pesa hizo sikuwa nazo.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisini Wandegeya natumia monita kubwa, laptopu imefunikwa pembeni. Jioni ile niliiweka haibaneti, yaani usingizi wa kuzimika bila kufunga kazi, nikachomoa waya wa HDMI unaopeleka picha kwenye monita, nikapanda taksi ya Bombo. Nyumbani nikaiwasha: nembo ikatokea, kisha giza. Feni inavuma, taa za kibodi zinawaka, nikiongeza sauti nasikia mlio wake.

Nembo ile ndiyo iliyonifanya nimtilie fundi shaka. Skrini iliyokufa itaonyeshaje nembo?

Haibaneti huandika kwenye diski yote yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, halafu mashine huzimika kabisa, ndiyo maana betri hailiwi. Ukiwasha, inaendelea pale pale ilipoachia, na yangu iliachia ikiamini monita ya Wandegeya ipo. Draiva ya picha, programu inayoongoza skrini, isipokagua upya, picha inapelekwa kwenye tundu lisilo na waya.

Nilibonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja ili draiva ianze upya. Kioo kikapepesa, kikabaki cheusi. Nikajaribu Windows na P, za kuchagua picha itokee kioo kipi, nikangoja kidogo, P tena, kisha Enter. Hakuna. Nikarudia, na picha hiyo! Ingeshindikana, ningeshikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike, na kazi ambayo sijaihifadhi ipotee. Na kuzima kwa kawaida usikutegemee sana: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili ziwake haraka. Kuristati ndiko kuanza upya kweli.

Wapo wanaonishauri niachane na haibaneti. Sikubali. Huo ni ushauri wa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Betri yangu imezeeka, foleni ya Bwaise haina huruma, na siku nyingine nafika Bombo nakuta giza mtaa mzima. Nusu saa ya betri iliyobaki nataka niitumie kumalizia sentensi niliyoiacha, si kufungua mafaili kumi upya. Lawama nawapa waandishi wa programu: mashine inayonihesabia dakika za betri inashindwaje kuangalia kama waya umechomekwa?

Siku hizi nachomoa waya kwanza, nafunua laptopu, nangoja picha irudi kwenye kioo chake, ndipo naiweka haibaneti. Wakati mwingine taksi hujaa nikiwa bado kwenye ngazi. Nangoja inayofuata.