Ziwa lilisafishwa, samaki hawakurudi

Shemeji yangu amevua Ghuba ya Mwanza tangu ujana wake, na karibu kila Jumapili nikimpigia simu mazungumzo yetu yanaishia kwenye maji. Mwezi uliopita nilikuwa namweleza uchungu wangu juu ya majitaka yanayoteremka na mvua kutoka milimani, na mwani unaoufanya ufuo uwe kijani kama mchuzi wa mlenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Shemeji, hao Waswisi unaokaa nao walichafua kwanza. Wakajenga viwanda, wakashiba, ndipo wakasafisha. Nasi tuacheni tushibe, tutasafisha baadaye."

Hoja hiyo nimeisikia hata kwa watu waliosoma sana, na nyumbani inapendwa kwa sababu inafariji. Nataka kuijibu, maana kazi inayonilisha huku ndiyo hiyohiyo. Napima vinasaba vya samaki wa maziwa ya Uswisi, na kabla ya hapo nilipima vya furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi wa Ziwa Victoria.

Kwanza nimpe shemeji haki yake. Ziwa la Luzern, ninakoishi kando yake, ni safi. Nikisimama gatini mchana naona mawe ya chini na kivuli changu kimelala juu yake. Watu wa ofisini wanajitosa majini saa ya chakula na kurudi kazini nywele zikiwa bado mbichi. Katikati ya karne iliyopita maziwa mengi ya nchi hii yalikuwa hoi kwa fosforasi ya majitaka, sabuni na mbolea. Walijenga mitambo inayoinasa fosforasi kabla haijafika ziwani, na mwaka 1986 wakapiga marufuku fosfeti katika sabuni za kufulia nchi nzima. Sheria ilitungwa, ikafuatwa. Katika Bodensee, ziwa wanalogawana na Ujerumani na Austria, fosforasi ilipita mikrogramu 80 kwa lita mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo iko chini ya 10. Hilo nalihusudu bila kificho, na ningependa kuliona kwetu kabla sijazeeka.

Lakini mimi sipimi maji peke yake, napima na samaki.

Maziwa haya yana samaki weupe kama fedha, jamaa wa salmoni, wanaoitwa felchen. Mgeni akiwakuta sokoni ataapa kwamba wote ni wamoja, kama vile mtu wa pwani anavyoweza kudhani furu wote ni furu tu. Barafu kubwa ilipoyeyuka katika milima ya Alpi, miaka 15,000 hivi iliyopita, babu zao waliingia na kuanza kugawana ziwa. Wengine wakawa wa kutaga karibu na ufuo, wengine vilindini. Hawa Desemba, wale miezi mingine. Hawa wanachuja vijidudu vinavyoelea, wale wanafukua tope. Ninapoeleza haya kwa Waswisi huwa nawaambia kwamba zama hizohizo Ziwa Victoria lilikuwa limekauka, kisha likajaa upya, na humo furu wakazaliana hadi spishi 500 hivi. Vinasaba vimeonyesha kwamba babu zao walitoka koo mbili za mbali, moja upande wa Kongo na nyingine upande wa Nile, zikakutana na kuchanganya damu, na mchanganyiko huo ukawapa watoto wao mtaji mkubwa wa kubadilika. Mabara mawili, umri karibu mmoja, kazi ileile ya kugawana riziki.

Fosforasi ilipojaa kwenye maziwa ya Uswisi, mwani ulistawi, ukafa, ukazama, na kuoza kwake kukamaliza oksijeni ya chini. Mayai yaliyotagwa vilindini yakakosa pumzi. Samaki wa chini waliobaki wakapanda kutaga juu, mahali pa wenzao, na mpaka uliowatenganisha kwa maelfu ya miaka ukavunjika kwa miongo michache. Walizaana mpaka wakawa kitu kimoja. Utafiti uliotoka mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya spishi za felchen katika maziwa yaliyochunguzwa zilipotea kwa njia hiyo au kwa kufa kabisa. Hakukuwa na mizoga ufuoni ya kumshtua mtu. Wavuvi waliendelea kuvua felchen, na wengi hawakujua ni nini kilichokosekana wavuni.

Bodensee lilikuwa na felchen mdogo wa vilindini aliyeitwa kilch. Ametoweka. Maji yamesafika na oksijeni imerudi kule chini, na kilch hajarudi kwa sababu hakuna pa kurudi kutoka. Tunajua habari zake kwa undani kwa sababu kuna watu walioweka magamba ya samaki, makavu, kabla ziwa halijachafuka. Gamba moja la zamani ni jepesi kuliko ukucha wa mtoto. Ukiliinua kwenye mwanga unaona miduara myembamba kama ya mti uliokatwa, na ndani yake bado kuna vinasaba vya kutosha kusomwa. Magamba hayo yalipolinganishwa na samaki wa leo ikaonekana kwamba vipande vya vinasaba vya kilch vimo ndani ya spishi zilizosalia. Ni kama nyumba iliyobomolewa, ukapita mtaani ukaona milango yake kwenye nyumba za majirani. Nafurahi kwamba milango ipo. Nyumba haipo.

Sasa turudi kwetu, maana kwetu mpaka unavunjika kwa njia nyingine: macho. Kwenye miamba ya Mwanza wanaishi furu wawili ndugu. Mmoja dume lake lina rangi ya buluu na hukaa maji ya juu. Mwingine dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi, na hukaa chini zaidi. Mwaka 1985 alipewa jina la kisayansi la Mwalimu Nyerere, nyererei, na jamii yao wote wawili inaitwa kwa Kiswahili chetu, Pundamilia. Majike yao yanafanana sana. Jike ndilo linalochagua, na linachagua kwa rangi, kisha linabeba mayai mdomoni. Kadiri unavyoshuka katika maji yenye tope, mwanga wa buluu unakwisha na mwekundu unabaki, na jeni za macho ya hawa wawili zimetofautiana kufuata mwanga wa kina wanachokaa.

Maji yakichafuka, jike halioni tofauti. Limejaribiwa kwenye matangi: chini ya taa inayoficha rangi, majike ya nyererei yaliacha kuchagua.

Nimekwenda kwenye visiwa viwili vya huko Mwanza na kile kisahani cheupe tunachokishusha kwa kamba hadi kipotee machoni. Makobe, ambako maji ni maangavu, kamba ilipita vidoleni muda mrefu, na samaki waliotoka walikuwa wa buluu na wekundu wazi. Luanso, ndani kabisa ya ghuba, kisahani kilipotea nikiwa bado nainama. Furu wake walikuwa wa rangi ya vumbi, wala buluu wala wekundu. Vinasaba vyao vinasema lilelile yalilosema macho yangu siku ile: pale hakuna ndugu wawili tena.

Najua nitaambiwa kwamba aliyemaliza furu ni sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950. Ni kweli, alipofumuka miaka ya 1980 alifuta spishi nyingi mno, na makadirio ni mamia. Na ni kweli pia kwamba sangara walipovuliwa sana baadhi ya furu walianza kuongezeka tena. Hiyo ndiyo sababu ya pupa yangu. Waliobaki wanaweza kuinuka, wana nguvu hiyo damuni, ila wanahitaji kuonana.

Huku Uswisi ufundi upo, fedha ipo, sheria ipo, na bado wanavua walichobakiza. Bodensee imebidi wapige marufuku uvuvi wa felchen kuanzia mwaka 2024, na wapo wavuvi wanaolalamika kwamba maji yamekuwa safi mno, hayana chakula. Nawaelewa, waliozoea nyavu za miaka ya neema ya mwani wanaona wamenyang'anywa. Ila nikiwasikiliza namkumbuka shemeji, ambaye bado ana furu wengi kuliko felchen wote wa nchi hii na anawatumia kama chambo cha sangara.

Hayo yote nilimwambia Jumapili iliyofuata. Alikaa kimya, nikamsikia akimfukuza mtoto jikoni. Kisha nikamwomba jambo moja: kila furu atakayemtia kwenye ndoana, kwanza atoe magamba machache, ayakaushe, ayaweke kwenye bahasha, aandike tarehe na mwamba. Bahasha zibaki Mwanza, zisiletwe huku. Siku moja kijana wa palepale atazifungua.

Akaniuliza ataandikaje furu asiyemjua jina. Nikamwambia aandike jina alilotumia baba yake, na kama hakuna, aandike rangi, na aiandike samaki akiwa bado mbichi ndani ya mtumbwi, maana akishakufa rangi inaondoka kabla hujafika mwaloni.