Utatu Mtakatifu: Je, Baba na Mwana Hukubaliana?

Tangu mwishoni mwa karne ya 20, wanateolojia wengi wamependa kuueleza Utatu kama ushirika: nafsi tatu, kila moja na ufahamu wake na utashi wake (yaani uwezo wake wa kutaka na kuamua), zinazopendana kiasi cha kuwa Mungu mmoja. Mwanateolojia Mjerumani Jürgen Moltmann aliipa picha hiyo nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1980, na mwenzake Leonardo Boff wa Brazil akaiona kuwa kielelezo cha jamii isiyo na mkandamizaji. Mbele ya picha hiyo, fundisho la kale kwamba katika Mungu upo utashi mmoja tu linachukuliwa kuwa mahesabu makavu ya wanafalsafa. Nadhani linaonewa.

Moltmann hakuwa akicheza na maneno. Alitekwa mwaka 1945 akiwa askari kijana wa Kijerumani, na imani aliipata akiwa mfungwa wa vita. Mtu wa historia hiyo ana haki ya kumshuku mtawala wa pekee aliye juu ya wote, mbinguni au duniani. Tena Maandiko yako upande wake, angalau kwa usomaji wa kwanza. Katika Yohana 6:38 Yesu anasema hakushuka ayafanye mapenzi yake, yaani anayoyataka kwa utashi wake, “bali mapenzi yake aliyenipeleka”. Asomaye hapo husikia wawili.

Lakini swali hili liliwahi kuulizwa, na lilimwaga damu. Mwaka 638 Kaisari Heraklio wa Dola la Kirumi la Mashariki, akitaka kuwapatanisha Wakristo waliogawanyika baada ya Mtaguso wa Kalkedonia (mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, uliofundisha kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu), alitoa tamko kwamba Kristo ana utashi mmoja. Mmonaki Maksimo alikataa. Kama Kristo hana utashi wa kibinadamu, ni nani aliyesema katika bustani ya Gethsemane, “walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke”? Kwa ukaidi huo, chini ya kaisari aliyefuata baadaye, alikatwa ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka 662. Papa Martino wa Kwanza, aliyesimama naye, alikuwa ameshafia uhamishoni mwaka 655. Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ukaamua kama walivyofundisha wao: utashi ni wa asili, kwa hiyo Kristo mwenye asili mbili ana matashi mawili, la Kimungu na la kibinadamu.

Uamuzi huo ulimhusu Kristo, ila hauwezi kufungiwa hapo. Ikiwa utashi hufuata asili, na Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wana asili moja, basi utashi wao ni mmoja. Anayetaka matashi matatu katika Mungu analazimika kuutoa utashi kwenye asili na kuuhamishia kwenye nafsi. Akishafanya hivyo, Kristo, aliye nafsi moja, anabaki na utashi mmoja, na Heraklio ameshinda. Sijaona mtetezi wa Utatu wa ushirika anayelijibu hili bila kutikisa ama Gethsemane ama mtaguso. Nikishika njia ya Maksimo, ninayemsikia katika bustani ile ni mtu kweli, anayeogopa kifo kwa utashi wa kibinadamu na kuukabidhi kwa mapenzi ya Mungu, ambayo kwa Umungu wake ni yake pia.

Hapo ndipo fundisho linaloitwa kavu linapogusa msalaba. Tumesikia mahubiri ambamo Baba anataka kuadhibu na Mwana anaingilia kati kumtuliza. Penye matashi matatu, tamthilia hiyo inawezekana, hata kama Moltmann mwenyewe asingeikubali. Penye utashi mmoja, haina mahali pa kusimama: upendo uliomtoa Mwana na upendo ambao Mwana alijitoa nao ni uleule.

Kuna pia suala la matumizi. Moltmann na Boff waliona ndani ya Mungu usawa. Mwaka 2016 wanateolojia wa kiinjili nchini Marekani walivutana vikali juu ya dai kwamba Mwana humtii Baba milele, dai ambalo baadhi ya watetezi wake walilitumia kueleza kwa nini mke amtii mume. Kutii kunahitaji matashi mawili, moja likiinamia jingine. Kambi ya Moltmann na Boff na kambi ya watetezi wa dai hilo zingegombana juu ya kila kitu, lakini zote zinaanza na nafsi zenye matashi tofauti. Mwanateolojia Karen Kilby alikwisha kuonya mwaka 2000 kwamba tunapachika kwa Mungu tunayoyathamini katika mahusiano yetu, kisha tunayarudisha kama ufunuo.

Upande ninaoutetea nao una mzigo wake. Katika Yohana 17:24 Mwana anamwambia Baba kwamba alimpenda kabla ya kuwekwa msingi wa ulimwengu. Apendaye na apendwaye wanawezaje kuwa na utashi mmoja? Jibu la kale ni kwamba utashi huo Baba anao kama atoaye, Mwana anao kama apokeaye kwa kuzaliwa, Roho anao kama atokaye. Nafsi hutofautiana kwa chimbuko lao, na kwa hilo peke yake. Jibu hilo ni gumu kuhubiri, na anayelizoea bila kushtuka pengine hajalielewa. Ila linamwacha Mwana kuwa Mwana bila kumfanya Mungu wa pili anayepaswa kukubaliana na wa kwanza.